Macho Mapya ya Fortunata: Mkono wa Nani Huo?

Sehemu ya Tisa

Mmenisumbua wiki nzima. Mama mmoja wa Bombambili alinisimamisha sokoni na fungu la mchicha mkononi, akitaka nimwambie papo hapo. Bodaboda mmoja alikataa kuwasha pikipiki mpaka nimtajie jina la mwanamume yule. Haya, kaeni vizuri, na anayepika aepue kwanza.

Tulimwacha Mwalimu Fortunata katikati ya ukumbi wa Lizaboni, saa tisa alasiri, siku ya sendofu yake, ile sherehe ya kumuaga. Amemshika mkono mwanamume wa meza ya sita na kutangaza kwa sauti ya darasani, "Huyu hapa ndiye mume wangu!"

Ukumbi mzima ukanyamaza. Na mnajua wenyewe, ukumbi haunyamazi bure kwenye sendofu.

Mwanamume yule alikuwa na paji la uso la mchumba wake Brayson, pua ya Brayson, na mwanya wa Brayson katikati ya meno. Alisimama taratibu, akameza mate.

"Shemeji, shikamoo," akasema. "Mimi naitwa Goodluck. Ni mdogo wake Brayson. Nimeshuka kwenye basi saa sita."

Siye! Jamani, siye!

"Amekosea!" Shangazi Aurelia aliruka kutoka meza kuu kama msichana wa darasa la nne. "Amemshika shemeji yake mbele ya watu! Mungu amesema, mimi nani nipinge?"

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, shika haya machache. Shangazi Aurelia ndiye aliyemlea Fortunata tangu akiwa na miaka minne, na hakutaka mtoto wake aolewe Moshi. Si kwamba Brayson ana ubaya. Ni mpima ardhi wa halmashauri, anasali, anajua kusalimia wakubwa. Kosa lake ni moja tu: kwao ni mbali, na harusi itafungwa hukohuko Jumamosi ijayo.

Kwa hiyo MC alipotangaza ule mchezo wetu wa siku zote, kwamba bwana harusi mtarajiwa amejificha ukumbini na bibi harusi amtafute, Shangazi alipora kipaza sauti akaweka sharti. Nyimbo tatu. Bila miwani. Fortunata akimpata, Shangazi anamtoa kwa mikono yake mwenyewe. Asipompata, basi la Moshi litarudi kesho bila bibi harusi. Wageni walipiga makofi wakidhani ni utani. Miwani ilikuwa tayari mkobani mwa Shangazi. Alikuwa ameinyakua asubuhi akisema haiendi na gauni.

Mji mzima unajua kwamba Fortunata bila miwani hamtofautishi ng'ombe na nguzo ya umeme. Wanachokijua Fortunata na rafiki yake Recho peke yao, na sisi wasomaji, ni kwamba mwezi uliopita alikwenda Dar es Salaam akafanyiwa upasuaji wa macho kwa leza. Anaona! Anaona mpaka sisimizi wa ukutani. Ile miwani mkobani mwa Shangazi ni geresha, vioo vitupu vilivyotiwa na fundi ili siri isitoke.

Sasa mtu anayeona sisimizi amemkosaje mume wake?

"Fortu," Recho alimnong'oneza huku akijifanya anamrekebishia mkufu, "umeona vibaya?"

"Nimeona vizuri mno! Ndiyo shida yenyewe! Nimeona mwanya, nikakimbilia."

"Sasa?"

"Sasa nataka kuzimia."

"Usizimie, gauni ni la kukodi."

Kule mbele Shangazi alikuwa ameshaanza kukunja vitenge vya zawadi. Alitaka kufunga sherehe kabla ya chakula, na samaki aina ya mbasa walikuwa wameshaletwa kutoka Nyasa! Hapo ndipo MC Muhsini, kijana wa Tunduru mwenye suti ya njano, alipojipatia thawabu.

"Shangazi yangu," akasema kwenye kipaza sauti, kwa heshima zote, "ulisema nyimbo ngapi?"

"Tatu."

"Zimepigwa ngapi?"

Shangazi akatazama feni.

"Wallahi zimepigwa mbili. Mimi ni MC, sili haki ya mtu. Jamani, mlisikia tatu au sikusikia vizuri?"

"Tatuuu!" ukumbi ukaitika. Upande wa Moshi ulipiga meza mpaka soda zikaruka.

"Haya," Shangazi akasema, akakunja mikono. "Lakini akigusa mwingine asiye wake, imekwisha. Hakuna kugusagusa wanaume wa watu kama anachagua nyanya."

"DJ!" MC akaita. "Wa tatu na wa mwisho!"

Muziki ukaanza.

Fortunata aliacha maigizo ya kupapasa viti. Alipepesa macho yake mapya ukumbi mzima, meza kwa meza. Upande wa Moshi ulikuwa na wanaume ishirini na wawili, wote suti za bluu, wote wamevaa miwani ya fremu nene. Miwani ile ilimshangaza tangu mwanzo, lakini hakukuwa na muda wa kuuliza. Aliwapitia mmoja mmoja. Huyu ana kipara. Huyu ana ndevu. Huyu ana tai ya kijani. Yule ni Goodluck, bado amesimama.

Brayson hayupo.

Alirudia. Aliona kifungo kilichokatika kwenye koti la meza ya nane. Aliona chawa wa nguo, samahani, uzi mweupe kwenye bega la mzee wa meza ya tisa. Aliona jina la fundi aliyetengeneza feni ya darini. Kila kitu aliona, ila mume.

Ubeti wa kwanza ukaisha. Shangazi akaanza kuimba pamoja na DJ, kwa furaha, na hajui hata maneno.

Fortunata alimpenda Brayson, msifanye mchezo. Alimpenda kiasi cha kukubali baridi ya Kibosho kwao Brayson na mtori, ile supu yao ya ndizi, asubuhi. Hakutaka kumpoteza kwa ajili ya mchezo wa ukumbini na shangazi mwenye wivu wa kulea.

Ndipo likamjia. Mwezi mmoja tu alikuwa ameonja kuona, naye amelewa nako mpaka amesahau alivyoishi miaka kumi na saba ya miwani. Alipokuwa haoni hakuwahi kumkosea mtu. Alimjua mkuu wa shule kwa viatu, Recho kwa mkoba unaogongana na mlango, na Brayson alimjua kabla hajafika getini.

Akafumba macho.

Hakuna aliyejali. Walidhani anasali, na kwa mtu asiyeona, kufumba na kufumbua ni mamoja.

"DJ, kaka yangu, punguza kidogo," akasema.

"Nani kasema muziki upunguzwe?" Shangazi akafoka.

"Nani kakataza?" MC akamjibu, naye DJ akapunguza.

Fortunata akasimama wima katikati ya ukumbi, macho kafumba, akaanza kusimulia kana kwamba yuko mbele ya kidato cha pili.

"Siku ya kwanza kumwona Brayson, sikumwona. Nilikuwa napita Mshangano, miwani imevunjika mkono, nimeiweka kwenye pochi. Nikasikia mwanamume anasema, 'Rudi nyuma. Rudi tena. Rudi kidogo.' Kumbe anayerudi nyuma ni yeye mwenyewe, amekumbatia mashine yake ya kupimia viwanja."

Ukumbi ukaanza kuguna kwa raha.

"Anapoteza muda!" Shangazi akasema. "Hii ni sendofu au mahubiri?"

"Nyuma yake kulikuwa na shimo la kufyatulia matofali, limejaa maji ya mvua. Mimi nikasikia tu: chubwi!"

Meza ya tatu ikalipuka kwa kicheko. Fortunata akainua mkono kuwanyamazisha. Alikuwa anasikiliza kitu kimoja tu, na hakijaja. Wimbo ulikuwa umefika kwenye kile kipande cha gitaa cha mwishomwisho.

"Alipotoka mle shimoni, tope mpaka masikioni, alikuja moja kwa moja akanisalimia, kama mtu anayetoka kanisani. Akaniambia, 'Samahani, dada, tulikuwa tunapima kina.'"

Na hapo kikaja.

Cheko la Brayson halianzii mdomoni. Huanzia puani, likivuta hewa kama pampu ya baiskeli, kisha likishindwa kujizuia hupasuka. Alikuwa amejibana, maskini, nusu saa nzima. Sasa pampu ikavuta mara moja, mara mbili, ikapasuka.

Lakini lilikotokea! Halikutoka kwenye suti za bluu. Lilitoka kushoto, meza ya kina mama wa Moshi, kwenye vilemba na vitenge!

Fortunata hakufumbua. Aliogopa macho yasije yakamdanganya tena. Akaanza kutembea kulifuata, mikono mbele, na safari hii hakuwa anaigiza. Aligonga kiti. Aligonga kiti kingine. Mbele yake, mita mbili tu, ilikuwa keki ya ghorofa tatu.

"Keki!" watu wakapiga kelele.

Recho aliruka juu ya meza ya zawadi, akaishika keki kwa chini pamoja na mpishi, wakaivuta pembeni, Fortunata akapita katikati kama treni. Akafika. Akapapasa kilemba. Akapapasa hereni. Akashuka shavuni, akakuta ndevu za juzi. Akashika mkono, akaubana.

"Huyu hapa," akasema. "Na kama siye, nizikeni."

Wimbo ukakatika.

Akafumbua macho. Mbele yake alisimama mama mnene wa kitenge cha zambarau, kilemba cha ghorofa, hereni za dhahabu, na miwani ya fremu nene. Chini ya yote hayo alikuwa Brayson, anacheka na kulia kwa pamoja.

Nisiwadanganye, sijui jinsi ya kuandika zile kelele. Vigelegele, mbinja, matarumbeta. Goodluck alilala chini akapiga sakafu kwa ngumi. MC Muhsini alitupa koti lake la njano hewani, likanasa kwenye feni, likawa linazunguka.

"Lakini, Brayson, hii miwani ni ya nini?" Fortunata akamuuliza sikioni.

"Tulikubaliana na ndugu zangu wote," Brayson akasema, akipumua kwa shida. "Siku yako hii usiwe peke yako mwenye miwani. Nilitaka ujue tunakupenda ulivyo."

Wanaume ishirini na wawili wamevaa fremu kwa ajili ya Fortunata, naye ameshaachana nazo mwezi mzima, na hajamwambia. Aibu ilimshika, aibu ya kweli, palepale katikati ya furaha. Akafungua mdomo aseme.

Hakuwahi. Shangazi Aurelia alikuwa anakuja.

Watu walimpisha. Alitembea polepole, kichwa chini, na alipofika alikuwa analia machozi ya wazi.

"Nimeshindwa," akasema. "Mwanangu, nilikuwa naogopa. Moshi ni siku mbili kwenye basi. Nikiugua usiku nitamwita nani?"

"Shangazi..."

"Nyamaza, nimeanza vizuri, usiniharibie." Akafungua mkoba, akatoa ile miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge. "Chukua macho yako. Nilifanya vibaya kuyaficha."

"Subiri!" MC Muhsini akaingilia, na laiti angenyamaza. "Jamani, ukumbi mzima umevaa miwani. Kabla ya kuirudisha, Shangazi naye avae, apigwe picha!"

"A-vae! A-vae!" watu wakaimba.

Shangazi akatabasamu. Miaka yote, kila alipoijaribu miwani ya Fortunata kwa utani, alipepesuka na kushika ukuta kwa kizunguzungu. Kwa hiyo aliushika kwanza mkono wa Goodluck, akajiandaa, akaivaa.

Hakupepesuka.

Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akaivua, akaivaa tena.

"Mbona sishikwi kizunguzungu?" akauliza.

Recho akaanza kurudi nyuma kuelekea jikoni.

"Hiki," Shangazi akasema, akigonga kioo kwa ukucha, "ni kioo cha dirisha."

Picha za simu zilikuwa zinaendelea kupigwa. Shangazi hakuziangalia. Alirudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka mlango wa jikoni, upande wa pili wa ukumbi, akainua mkono juu.

"Fortunata! Vidole vingapi?"

Msomaji, angeweza kudanganya. Angesema vitano, angesema sijui, angeanguka chini. Shangazi alishakubali, kilichobaki kilikuwa chakula. Lakini alikuwa amechoka kudanganya, na furaha ilikuwa imemjaa mpaka haikumwachia nafasi ya uongo.

"Vitatu, Shangazi," akasema. "Na pete yako ya rozari leo umeivaa mkono wa kushoto."

Ukumbi ukasema "Haa!" kwa pamoja.

"Nilifanyiwa upasuaji kwa leza. Dar. Ile safari niliyokuambia nakwenda kusahihisha mitihani."

"Walikuchoma macho!"

"Hawakunichoma. Unalala chali, wanakudondoshea dawa ya ganzi, unatazama kitaa kidogo. Leza yenyewe haimalizi dakika kwa jicho moja. Unasikia harufu kama nywele zinaungua, basi, imekwisha."

"Nywele!" mama mmoja wa meza ya tatu akashika kichwa chake.

"Kesho yake asubuhi nilitoka nje nikahesabu kunguru kwenye waya wa umeme. Kumi na mmoja, Shangazi. Nilikuwa sijawahi kumwona kunguru hata mmoja juu ya waya bila miwani. Nilisimama barabarani nacheka peke yangu, watu wakanipisha."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema atakayegusa macho yangu hutamsalimia mpaka kufa. Ulisema mboni haichezewi."

"Nilisema," Shangazi akakiri. Akafikiri. Mnamjua, akifikiri huwa anatafuna shavu kwa ndani. "Sasa sikilizeni. Sharti langu lilikuwa bila miwani. Bila miwani amempata, tena macho kafumba, nimemwona mwenyewe. Alipoyafumbua alimshika shemeji, alipoyafumba kamshika mume. Mimi ni Mkatoliki, ahadi yangu ni ahadi."

Akarudi, akauchukua mkono wa Fortunata, akauweka kwenye mkono wa Brayson.

"Nimemtoa," akasema.

Kwa nini nisiishie hapo? Samaki wameiva, DJ amepandisha sauti, Recho ametoka jikoni. Fortunata alikuwa mwepesi, alitaka kucheza, alitaka kumweleza Brayson yote kwa mkupuo mmoja.

"Nisamehe na wewe," akamwambia. "Nilitaka nikiingia kanisani nikuone uso tangu mlangoni. Sio doa. Uso. Ndiyo maana nilinyamaza."

Kicheko kilikuwa kimemtoka Brayson usoni. Kilemba kilianza kumteleza, naye hakukishika.

"Mwezi uliopita?" akauliza.

"Ndiyo. Mwezi mzima naona."

"Kwa hiyo Jumapili." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Pale barazani kwa Shangazi. Ulipovua miwani ukaegemea kiti. Ulikuwa unaona?"

Fortunata alikumbuka. Jumapili alivua miwani ili atie matone ya kulainisha macho, yale aliyopewa kliniki, kisha akayafumba dakika tano kama alivyoagizwa. Redio ya jirani ilikuwa inapiga kwaya kwa sauti ya juu. Hakuona kitu. Hakusikia kitu. Alipofumbua, Brayson alikuwa amekaa palepale, anakunywa chai.

Angeweza kumwambia hivyo. Lakini mwalimu aliyesimamia mitihani miaka saba anakijua kile kijasho cha juu ya mdomo wa mtoto mwenye karatasi kwenye soksi, na Brayson alikuwa nacho.

"Nilikuona," akadanganya. "Niliona kila kitu."

Brayson akaachia mkono wake. Wala hakumtazama yeye. Alimtazama Shangazi Aurelia, na Shangazi, bado na vioo vya dirisha puani, akarudi nyuma mpaka akagusa meza ya keki.

"Wewe Brayson," akanong'ona, "si uliniapia Jumapili ile kwamba huyu mtoto haoni?"